Mwalimu Nereah Ogada, Aliyetufundisha Kuyauliza Maziwa

Mwalimu Nereah Ogada anastaafu tarehe 31 Desemba 1979, akiwa ametimiza miaka ishirini na minane ya ualimu. Tisa ya mwanzo aliwatumikia watu wa kwao, kule ziwani. Kumi na tisa iliyobaki ametupa sisi Wagusii: mitano Kiogoro, karibu na mji wa Kisii, na kumi na minne hapa Nyansiongo. Kwa hesabu hiyo sisi ndio tuliokula mnofu, na ni haki tukiri hivyo leo mbele ya jamaa zake waliopanda milima kuja kumchukua.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, Omwenga, kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu ninafundisha Kiswahili, na kwa sababu nimekaa naye meza moja katika chumba cha walimu tangu alipohamia hapa. Wameniomba niandike kwa ufupi. Wameniomba pia nisimsifu kupita kiasi, maana mwenyewe hapendi. La kwanza nitajaribu.

Alifika Kiogoro Januari 1961 pamoja na mumewe, Bwana Ogada, aliyekuwa karani wa posta mjini. Siku za Sabato walipanda kwa miguu hadi kanisani Nyanchwa, na siku nyingine zote Mwalimu Nereah alikuwa darasani akifundisha sayansi. Ekegusii hakukijua, hata salamu. Kiingereza cha wanafunzi nacho kilikuwa bado kinatambaa. Kikabaki Kiswahili, ambacho hakikuwa cha mama ya mtu yeyote mle ndani. Wanafunzi walisema "swari," naye Mwalimu akasema "sule," wakaelewana vizuri kabisa. Aliyeumia ni mwalimu wa Kiswahili peke yake.

Mwalimu Nereah alikuwa na imani moja kubwa, kwamba sayansi huanza na swali la mwanafunzi. Kwa hiyo wiki ya kwanza tu aliwaambia watoto wa Kiogoro waulize maswali. Kimya. Siku ya pili akarudia. Kimya tena, macho yote chini. Mwenyewe husimulia kwamba aliwaona wazito wa akili na akaanza kujuta kuacha ziwa. Hatimaye msichana mmoja wa nyuma akajikaza, akasimama, akasema kwa sauti kuu: "Taja aina tatu za udongo." Darasa likapata uhai. Mwingine akasimama: "Eleza faida mbili za mbolea." Wa tatu akaomba michoro, na kila sehemu iandikwe jina. Mwalimu Nereah akaishiwa nguvu, akakaa kitini na kucheka hadi machozi yakamtoka. Watoto wale walikuwa wametii kabisa. Katika maisha yao yote swali lilikuwa kitu kinachotoka kwa mwalimu ili kumnasa mwanafunzi, basi wakamtega naye kidogo.

Mwenzake wa Kiogoro, Mwalimu Drusilla, ndiye aliyemfumbulia fumbo. Alimweleza juu ya chinsoni, ile heshima yetu ya haya iliyopo kati ya mtoto na watu wa rika la wazazi wake. Mtoto mwenye chinsoni hamkodolei macho mtu mzima na kumhoji. Akimhoji, watu hawasemi kwamba ana akili. Wanauliza amelelewa na nani. Mwalimu mwingine angesema hiyo ni mila ya kizamani na kuanza kupigana nayo. Mwalimu Nereah alikwenda nyumbani akalala na jambo lile, na asubuhi akaja darasani na mkungu wa ndizi mbichi.

Aliuweka mezani akawaambia watoto kwamba kuanzia siku hiyo hakuna atakayemuuliza yeye chochote. Wataiuliza ndizi. Ndizi si mzazi wa mtu, haina rika, haiwezi kuvunjiwa heshima. Ila ndizi ina tabia zake: haisikii kila swali. Ukiiuliza kwa nini Mungu aliifanya tamu, itakunyamazia. Ukiiuliza kama itaiva upesi zaidi ikifukiwa peke yake au ikifukiwa pamoja na nyingine iliyokwisha kuiva, subiri tu, itakujibu. Watoto wakafukia ndizi nyuma ya darasa, na tangu siku hiyo hakuna aliyewaona tena wakiangalia chini. Nimeulizia sana habari za asubuhi ile, na kila ninaposimuliwa nashikwa na mshangao ule ule. Mgeni aliyekuwa na majuma machache tu katika nchi yetu aliuona mlango ndani ya ukuta ambao sisi wenyewe tulikuwa tumeuzoea.

Mwaka 1966 akahamia kwetu Nyansiongo. Mashamba ya Wazungu yalikuwa yamegawanywa, na familia zilikuwa zimeingia kutoka kila pembe ya Gusii, kila moja na ng'ombe wake wa maziwa wa gredi na wasiwasi wake. Hapa ndipo nilipomwona akifanya kazi kwa macho yangu. Mtoto akileta swali, hakulisahihisha. Alimuuliza nani atakayelijibu, mtu au kitu. Kama ni mtu, alimrudisha nalo akalifikiri upya. Kama ni kitu, alitaka kujua ni jambo gani moja litakalobadilishwa na yapi yataachwa yalivyo. Mtoto mmoja alileta swali la kwa nini Mungu huipiga chai yetu kwa mvua ya mawe. Lilikwenda likarudi, likaenda likarudi, mpaka likawa: je, mvua ya mawe hunyesha zaidi asubuhi au alasiri? Darasa zima likakaa muhula mzima likitazama mbingu. Wazazi walidhani tumeanzisha dini mpya.

Siwezi kuliacha lile la mkaguzi wa shule, mgeni kutoka mbali, aliyetutembelea mwaka wa uchaguzi. Alikuta ubaoni swali lililoandikwa na kijana mmoja hodari: "Je, kuku wanakura zaidi wakiwa wamefungiwa au wakiwa huru?" Mkaguzi alilisoma mara mbili, akafunga mlango, akauliza kwa sauti ya chini kama shule hii inachanganya sayansi na siasa. Mwalimu Nereah alimhakikishia kwamba kuku wa Nyansiongo hawajaandikishwa. Lawama za ile herufi zikaniangukia mimi, na bado ninazibeba.

Kulikuwa na jambo la tatu alilolitaka katika swali, na hilo watoto waliliogopa kuliko yote. Kabla ya kuanza majaribio alimtaka mwenye swali aseme kama atalikubali jibu hata likija kinyume na anavyotaka. Asiyekuwa tayari aliambiwa akae kwanza. Mimi nililiona kuwa ni ukali usio na maana kwa watoto wa shule ya msingi. Uzito wake niliujua mwaka 1969.

Mwaka huo palikuwa na mjane hapa, Mama Mong'ina, ambaye shamba lake lilitazamana na kituo cha maziwa cha chama cha ushirika, ng'ambo tu ya barabara. Kila asubuhi wakulima walileta maziwa kituoni, na karani wa kituo, Walter, alichovya ndani yake kipimo cha kioo kinachoelea. Maziwa mazito hukiinua kipimo juu. Yaliyotiwa maji hukiacha kizame. Na katika maziwa ya Mama Mong'ina kipimo kilizama, karibu kila siku. Walter hakuwa na chuki na mtu, alisoma alichokiona. Maziwa yakarudishwa, yakarudishwa tena, na watu wakaanza kumwita Mama Maji.

Mzee Ombui, mwenyekiti wa chama na wa kamati ya shule yetu pia, alimwonya mbele ya watu. Kisha mkutano ukaitishwa ili jina la mjane lifutwe katika chama. Watu wa nje wanaweza kuona hilo kuwa dogo. Hapa sote tulikuwa wageni tuliohamia juzi, kila mmoja akimchunguza jirani yake, na mtu aliyefukuzwa kwa udanganyifu hakuwa na pa kuuficha uso. Watoto wake pia hawakuwa na pa kuuficha. Binti yake, Bitutu, alikuwa darasa la saba kwa Mwalimu Nereah, na uwanjani wenzake walimwita Bitutu wa Maji.

Siku ya kipindi cha maswali Bitutu alisimama akauliza kwa nini watu wanamsingizia mama yake. Mwalimu Nereah hakumwambia akae. Alimuuliza, kwa upole kama kawaida, ni nani atakayelijibu hilo. Bitutu akafikiri, akasema ni watu tu. Akaambiwa arudi nalo. Kesho yake akaja na lingine: je, kile kipimo kimeharibika? Hilo lilikuwa na kitu cha kulijibu, lakini kipimo kilichoharibika kingewasingizia wote, na majirani walikuwa wakipokewa. Akarudi nalo tena. Nilimkuta ameketi peke yake chini ya dirisha la ofisi, midomo ikitikisika, analigeuza swali lake huku na huku.

Ndipo akakumbuka asubuhi moja ambapo ng'ombe alitoroka baada ya kukamuliwa, mama akamkimbiza bondeni, akafika kituoni wakati lori linakaribia kuondoka. Siku hiyo maziwa yalipokewa. Watu wazima walikuwa na maelezo yao: siku hiyo aliogopa, hakutia maji. Bitutu akaona kitu kingine. Siku hiyo maziwa yalikuwa yamepoa. Wakulima wa mbali walitembea na mikebe yao katika ukungu wa asubuhi, na wengine waliilaza kwanza kwenye maji ya kijito. Mama yake alikamua akavuka barabara, povu likiwa bado juu. Basi swali lake likafika mwisho wa safari, na nililiona limeandikwa ubaoni kwa mwandiko wake: "Maziwa yale yale, ya ng'ombe yule yule, yakipimwa yakiwa na joto, kisha yakipimwa yamepoa bila mtu kuyagusa, je, kipimo kitasema jambo moja?"

Nimesoma maswali mengi katika maisha yangu. Mbele ya lile nilisimama na chaki mkononi nikasahau nilichokuja kufanya. Halikumtaja mama, wala chama, wala mwenyekiti. Halikumvunjia mtu yeyote heshima. Na bado lilikuwa limebeba nyumba nzima mgongoni.

Sasa likaja lile jambo la tatu. Mwalimu Nereah alimweka Bitutu mbele yake akamweleza wazi kwamba yeye mwenyewe hajui jibu. Kipimo kikisema jambo moja, basi hakuna tena kisingizio kilichobaki, na mama atakuwa amepatikana na hatia kwa mkono wa binti yake. Akamtaka aende nyumbani akamuulize mama yake, asirudi na jibu lake peke yake. Bitutu alikwenda. Alirudi akasema mama amekubali maziwa yaulizwe.

Kwa upande wake Mwalimu Nereah naye alijua anachokitia rehani. Alikuwa mgeni, mtu wa ziwani, anayetaka kuwapeleka watoto kituoni katikati ya kesi ya wenyeji. Wakubwa wa kamati walikuwa wameshanong'ona kwamba huyu mama anawafundisha watoto kuhoji. Maziwa yakimkana, angehamishwa kabla ya muhula kwisha. Nilimshauri aliache jambo hilo. Alinishukuru kwa ushauri, akaenda kumwona Mzee Ombui.

Hakumuuliza mzee swali hata moja. Alimwomba ruhusa tu watoto waje kujifunza jinsi kipimo kinavyofanya kazi, akamsomea swali la Bitutu. Mzee Ombui hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hakika. Ili maneno yaishe, akasema wakamue ng'ombe wake mwenyewe, pale pale kituoni, watu wote wakiona.

Ijumaa asubuhi palijaa. Baridi ya Julai ilikuwa inauma, na ng'ombe wa mwenyekiti alikuwa na hasira kwa kuletwa mbele ya umati. Mimi, niliyemshika kamba, nilipigwa teke ambalo hadi leo hunikumbusha mvua inapokaribia. Mzee alikamua kwa mikono yake. Maziwa yakamiminwa, yanafuka moshi, na Walter akakishusha kipimo.

Kikazama.

Kilizama pale pale kilipokuwa kikizamia kwa Mama Mong'ina. Walter alikiinua, akakipangusa, akakishusha tena, na kikazama tena. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyethubutu kumtazama mwenyekiti, aliyekuwa amesimama na ndoo yake mwenyewe miguuni, maziwa aliyoyakamua mwenyewe, na kipimo kinasema ni ya maji. Kisha ndoo ikawekwa katika beseni la maji ya kijito, na watu wote wakabaki wakiilinda kwa macho. Wakulima waliokuwa na haraka kila siku walisahau haraka zao. Nilisikia ng'ombe akicheua. Yalipopoa, povu likiwa limetulia, Walter akakishusha kipimo mara ya tatu, nacho kikapanda polepole, kikasimama mahali pa maziwa mazuri.

Walter alituambia baadaye kwamba karani aliyemtangulia alimwachia kipimo bila kile cha kupimia joto, maana kilikuwa kimevunjika, wala hakumweleza kazi yake. Lakini wakati ule hakuna aliyekuwa akitafuta maelezo. Tulikuwa tukimngoja mzee. Alivua kofia, akamgeukia Mama Mong'ina aliyekuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na uzio, akasema kwa Kiswahili ili Mwalimu mgeni naye asikie: "Basi. Maziwa imejibu."

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nilipaswa kusema "yamejibu." Nilikuwa ninalia, na sikusema lolote.

Mkutano wa kufuta jina haukufanyika. Chama kilinunua kipimo cha joto, na wakulima wote wakaambiwa wapoze maziwa kwanza. Mwalimu Nereah hakuruhusu sherehe. Jumatatu alilichukua darasa kwa ng'ombe wa majirani wengine, kwa sababu alisema ng'ombe mmoja anaweza kuwa na mambo yake. Nao wakajibu vilevile. Watoto walipombeba juu Bitutu, Mwalimu aliwauliza ni nani aliyefikiria kama maziwa ya jioni hujibu sawa na ya asubuhi, wakamshusha wakaanza kubishana.

Walimu wengi wamepita kwake tangu hapo, wametumwa na wakubwa kuja kuona anavyofanya. Huja na vitabu vya kuandikia, wakitumaini kuondoka na orodha ya maswali mazuri. Huondoka bila orodha, na baadhi yao huondoka wamekasirika. Wachache hurudi baada ya mwaka kumshukuru. Mimi nimekaa naye meza moja miaka kumi na minne na bado sijui afanyavyo kunyamaza muda mrefu hivyo wakati mtoto anatafuta neno, bila kumpa. Mikono yangu huwasha. Yeye hukaa tu, amemwelekezea uso, kana kwamba hakuna mahali pengine duniani anapotakiwa.

Mwalimu, shule hii inakushukuru. Wazazi wanakushukuru, hata wale walionong'ona. Bwana Ogada tunamshukuru kwa uvumilivu wake, maana tunajua nyumbani pia hakuna chakula kilichopikwa bila kwanza kuulizwa kitu. Tunakutakia mapumziko mema huko ziwani, afya ya mwili, samaki wasiokosekana, na wajukuu wasumbufu kwa kiasi unachokipenda.

Mama Mong'ina yuko nasi leo. Nilipokwenda kwake mwezi huu kumwomba neno la kuandika, aliniambia jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Kufikia ile Ijumaa alikuwa ameanza kujishuku. Aliitwa mdanganyifu mara nyingi hata akawa anajiuliza kama pengine husuuza ndoo na kusahau maji ndani, au kama mikono yake hufanya jambo ambalo yeye halijui. Alipomwambia Bitutu kwamba maziwa yaulizwe, hakuwa na uhakika wa jibu. Alitaka kujua. Watu walimpokea tena siku ile, anasema, na hilo ni jema. Lakini kubwa kwake ni kwamba alivuka barabara kurudi nyumbani akijiamini tena. Kwa ajili yake, na kwa ajili yetu sote, asante, Mwalimu Nereah. Uishi miaka mingi yenye heri.